Barua ya wazi: Safu ya majibu kwenye daftari langu bado tupu

Kwa wote wenye dhamana ya afya ya mifugo na vibali vya utafiti wa mifugo, Dodoma na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

YAH: KURUDISHA MAJIBU YA SAMPULI ZA KUKU KWA WAFUGAJI

Waheshimiwa, kamwene.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nimetumikia kata mbalimbali kwa miaka 27, mingi kati ya hiyo hapa Usangu, wilaya ya Mbarali, na mpaka leo watu wa Igurusi na vijiji vya jirani wananigongea mlango alfajiri wakiwa na kuku kwenye kiroba. Nawachanjia kuku wao, wanaokufa nawapasua, na yote nayaandika. Nina kaunta buku moja yenye jalada jeusi niliyoipiga mistari kwa rula: tarehe, kijiji, mfugaji, idadi ya kuku, waliokufa, dalili, sampuli. Safu ya mwisho, upande wa kulia, nimeiandika MAJIBU. Katika daftari zima safu hiyo ina maneno machache. Katika kurasa mbili ninazotaka kuwaeleza leo haina hata neno moja.

Mwaka juzi mwezi wa Oktoba, majaruba yakiwa yamekauka na upepo wa kiangazi unavuma vumbi, kuku walianza kufa upande wa chini wa kijiji. Wafugaji wanaujua msimu huo. Kuku anaamka amejikunyata, mabawa yameshuka, anahara maji ya kijani. Kesho yake shingo imepinda, anazunguka pale alipo kama aliyepotea njia. Siku ya tatu unamkuta amelala ubavu mlangoni mwa banda. Watu wakasema ni mdondo, nami nikasema mdondo. Ila kulikuwa na mambo mawili yaliyoninyima usingizi. Baadhi ya waliokufa nilikuwa nimewachanja kwa mkono wangu mwezi wa Agosti, tone moja jichoni, chanjo ya mdondo iitwayo I-2. Na wengine walikuwa wamevimba uso, upanga wa kichwani umegeuka rangi ya zambarau iliyokolea, kwa wingi ambao sikuwa nimeuzoea.

Siku zile timu ya watafiti ilikuwa inapita kata kwa kata ikikusanya sampuli za kuku. Sitawataja, wala hawakutoka maabara yetu ya kanda pale Iringa. Barua hii siiandiki ili kumshitaki mtu, na vijana wale walikuwa na adabu na waliijua kazi yao. Niliwaongoza nyumba kwa nyumba kwa siku mbili. Walichukua sampuli za kuku 38.

Naomba niwaeleze kuku mmoja tu kati ya hao 38.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mama mmoja mjane anayeishi na wajukuu wawili. Alikuwa na kuku 61. Aliwahesabu mbele yetu, na mitetea mingine aliitaja kwa majina. Mgonjwa alikuwa mtetea mweupe, mguu wa kushoto umepungua kidole. Binti wa timu alichuchumaa, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akaingiza kijiti cha pamba kooni na kukizungusha taratibu, akakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, akavunja ncha na kufunga. Kijiti cha pili akakipitisha njia ya haja. Halafu akalikunjua bawa, akanyofoa manyoya machache ya chini, akaupata mshipa, akavuta damu kidogo. Juu ya vichupa akaandika 14 kwa maka peni nyeusi, akavipanga kwenye kasha la barafu.

Yule mama akauliza, "Majibu lini, mwanangu?"

"Baada ya wiki mbili, mama. Tutampigia bwana mifugo."

Mama akaingia jikoni, akatoka na kipande cha mkaa, akaandika 14 kwenye ukuta wa banda ili asisahau.

Mimi ndiye niliyemwambia asiuze. Nilimwambia: subiri, usiuze, usichinje, usigawe, tenga wagonjwa, wiki mbili si nyingi. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na ndivyo nilivyowafundisha wengine miaka yote. Wiki ya kwanza mchuuzi akaja na pikipiki yenye matenga mawili, akampa bei ya kutupa, mama akakataa kwa sababu yangu. Jirani yake alikuwa ameshauza wote siku mbili kabla. Matenga yakaenda soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, na tunajua kwamba kuku wa Mwanjelwa hawaishii Mwanjelwa, wengine hupakiwa kwenye mabasi wakaliwa Dar es Salaam. Wiki mbili zikapita. Nikapiga simu, nikaambiwa mashine ina foleni. Wiki ya nne simu ikawa haipokelewi. Mwisho wa wiki ya tano mama alibakiwa na kuku tisa. Sare na viatu vya mjukuu aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza Januari vilikuwa vitoke kwenye kuku wale. Viatu alikuja kununua mwezi wa Machi, kwa mkopo wa kikoba.

Aliyefuata ushauri wa kitaalamu alipata hasara kubwa kuliko aliyeukataa, na kijiji kizima kiliona. Nilipokuja kuitisha mkutano mdogo wa chanjo mwezi wa Januari, mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akasema kwa upole kabisa, "Bwana mifugo, wewe tunakupenda, lakini kuku wangu wakiugua tena nitajua mwenyewe la kufanya." Hakuna aliyempinga. Nami sikuwa na la kumjibu.

Labda mtajiuliza majibu yenyewe yangebadili nini ikiwa kuku walikuwa wanakufa hata hivyo. Mdondo hauna dawa. Ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kumaliza banda lote, na cha kufanya ni kuzuia usisambae na kuchanja walio wazima kwa nyumba ambazo haujafika. Kipindupindu cha kuku ni bakteria, kinatibika kwa dawa ukiwahi. Homa ya matumbo ina taratibu zake, na kuku anayepona anaweza kubaki anasambaza, kwa hiyo hafai kuwekwa kuatamia. Ndui ina chanjo yake, Gumboro ina chanjo yake, na I-2 haizuii hata moja kati ya hizo. Mfugaji anayeona kuku aliyechanjwa amekufa hajui tofauti hizo. Anachojua ni kwamba alinipa shilingi mia kwa kila kuku na kuku amekufa. Kama sampuli ile ingesema si mdondo, ningesimama mbele ya watu na kuitetea chanjo. Kama ingesema ni mdondo, ningejiuliza maswali magumu: je, chanjo ilipata joto njiani? Je, nilichanja kuku ambao ugonjwa ulikuwa umeshawaingia? Je, nilichelewa kurudia ile miezi mitatu? Majibu yote mawili yangenifundisha kitu. Kwa kukosa majibu, watu walinunua antibiotiki dukani bila kujua wanatibu nini, wakaziweka kwenye maji ya kuku wote, wagonjwa na wazima, na mayai wakaendelea kula.

Lipo jibu jingine ambalo sampuli ingeweza kutoa, na ndilo linalonifanya niandike kwenu hadharani badala ya kuendelea kupiga simu.

Uso uliovimba, upanga wa zambarau, vifo vya ghafla, shingo kupinda: dalili hizo ni za mdondo mkali, na ni za homa kali ya mafua ya ndege vilevile. Nimepasua kuku maelfu, na mbele yenu nakiri kwamba kwa macho na kisu siwezi kuyatenganisha magonjwa hayo mawili. Hakuna bwana mifugo anayeweza. Daktari bingwa wa virusi naye hawezi mpaka sampuli iingie maabara. Ndiyo maana kijiti cha pamba kina thamani. Kipimo cha PCR kinasoma vinasaba vya kirusi, na sampuli ikishafika kwenye mashine, jibu la kwanza hupatikana kwa saa chache. Baada ya hapo wataalamu wanaweza kuendelea kusoma kirusi herufi kwa herufi na kujua ni cha ukoo gani na kimetokea upande gani.

Sisi wa Usangu tuna sababu ya kuogopa zaidi ya wengine. Ihefu iko hapa. Mvua zinapoanza, ardhi oevu yetu inapokea ndege waliotoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, na majaruba ya mpunga ni meza yao. Bata wa porini wanaweza kubeba virusi vya mafua bila wao kuonekana wagonjwa. Bata wa kufugwa wanashinda kwenye maji hayohayo, na jioni wanarudi kulala banda moja na kuku. Ukoo wa mafua ya ndege uitwao H5N1, unaoisumbua dunia leo, ulipatikana kwa bata bukini mkoani Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata watu 18 waliugua Hong Kong, sita wakafariki. Februari 2006 ukathibitishwa Nigeria, jimbo la Kaduna, mara ya kwanza kwa bara letu. Januari 2017 ndugu yake, H5N8, alithibitishwa Uganda: kwanza kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kwa bata na kuku wa kufugwa upande wa Masaka. Ziwa hilo ni letu pia. Mwaka 2023 Afrika Kusini ilipoteza kuku kwa mamilioni kwa mafua ya ndege, hasa ya aina nyingine, H7, na mwaka huohuo ugonjwa ukaingia Msumbiji, mkoa wa Inhambane. Tangu 2003, watu zaidi ya 900 duniani wamethibitika kuugua H5N1, na karibu nusu yao wamefariki. Wengi ni watu waliokuwa karibu na kuku wagonjwa, wakichinja, wakinyonyoa, wakisafisha banda.

Sasa niwaeleze nilichokisikia msibani, Februari mwaka jana. Tumekaa kwenye mkeka, kijana mmoja ananiambia kama anayepiga soga kwamba wiki tatu nyuma yeye na wenzake waliokota bata wa porini wanne kwenye majaruba, wawili wameshakufa na wawili hawawezi kuruka. Nikamuuliza, mkawafanyaje? "Tuliwanyonyoa tukawakaanga, mzee." Nikamuuliza kwa nini hawakuniita. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema, "Tukuite ili iweje? Si mtachukua tu?"

Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyeugua. Huenda bata wale walikula sumu ya shambani. Huenda kilikuwa kitu kingine. Hatutajua kamwe, kwa sababu manyoya yao yalishachomwa. Kijana yule hakuwa mkaidi. Ni mmoja wa waliosimama pembeni Oktoba ile wakitazama vijiti vya pamba vikiingia kwenye kasha la barafu, na kilichofuata alikiona.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa ya ugonjwa anaoushuku, na ni sheria nzuri. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris, linazitaka nchi wanachama kutoa taarifa ndani ya saa 24 ugonjwa kama mafua makali ya ndege unapothibitishwa, nao ni utaratibu mzuri. Mwaka 2006 nchi yetu ilizuia kuku na vifaranga kuingia kutoka nje kwa hofu ya ugonjwa huu, na mpakani pale Tunduma maofisa wanahangaika na jambo hilo mchana na usiku. Kwa hiyo taarifa tumeiwekea njia ya kutoka kijijini kwenda mkoani, Dodoma, mpaka Ulaya. Njia ya kuirudisha kijijini hatujaiweka. Wataalamu wetu wa SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walitengeneza AfyaData, programu ya simu ya kutoa taarifa za magonjwa tangu ngazi ya jamii; kwa hiyo hata kifaa hatukukosa.

Naomba niwakumbushe mambo mawili kutoka katika historia ya fani hii, maana nikiyafikiria napata nguvu.

La kwanza ni hiyo chanjo ya I-2 yenyewe. Ilitokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Walitafuta kirusi cha mdondo kisicholeta ugonjwa, kinachostahimili joto, ili chanjo iweze kufika vijijini kusiko na friji. Walipokipata, mbegu ya chanjo ikatolewa bure kwa nchi kama yetu ili kila nchi itengeneze ya kwake. Leo inatengenezwa Kibaha. Ninapokuwa juu ya bodaboda kuelekea Utengule nikiwa na kichupa kwenye kitambaa kilicholowa maji, naenda na matunda ya maabara ambayo haikukaa juu ya ilichokipata.

La pili ni la mwanamke mmoja wa Italia, Ilaria Capua, daktari wa mifugo na mtaalamu wa virusi. Mwaka 2006 sampuli za kuku wa Nigeria zilipelekwa kwenye maabara yake karibu na Padova. Akapata mpangilio wa vinasaba vya H5N1 ya kwanza ya Afrika, kitu ambacho dunia nzima ilikuwa inakisubiri. Akaombwa auweke kwenye hazina ya siri iliyokuwa inafunguliwa na maabara chache tu. Akakataa. Akauweka kwenye hazina ya wazi ambapo mwanasayansi yeyote angeweza kuusoma, akawaandikia wenzake kuwahimiza wafanye vivyo hivyo. Wako waliomkasirikia. Lakini kutokana na mjadala ule, mwaka 2008 ikaanzishwa GISAID, hazina ambayo baadaye ilikuja kupokea pia vinasaba vya korona kwa mamilioni. Nilisimuliwa habari zake kwenye semina moja Mbeya mjini, na nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Yeye alikuwa anapigania majibu yawafikie wanasayansi wote. Nikajiuliza ni nani anayepigania yamfikie mwenye kuku. Kirusi kile kilitoka kwenye koo la kuku wa mtu, Kaduna.

Mtu wa maabara akisoma hapa ataniambia kwamba sielewi ugumu wa kazi, na ana haki ya kunijibu. Kemikali za kupimia ni ghali na zinatoka nje. Umeme unakatika, sampuli zinaharibika. Tena ugonjwa kama mafua ya ndege hautangazwi na kila mtu. Lazima uthibitishwe, na tangazo ni la Serikali. Hayo yote nayakubali kwa moyo mweupe. Sitaki mtafiti asimame sokoni Mwanjelwa na kipaza sauti. Mwaka 2006 redio ilipotangaza habari za Nigeria, nilikuwa na majirani walioacha kula hata mayai ya kuku wao wenyewe. Najua hofu inavyoua soko. Lakini hofu inazaliwa zaidi pale watu wanapoona gari limekuja, limechukua damu, limeondoka na halikurudi. Baada ya Oktoba ile nilisikia kwamba damu ya kuku inauzwa nje. Nilisikia kwamba chanjo yangu ndiyo iliyoleta ugonjwa ili watafiti wapate kazi. Nimewachanjia watu hawa kuku tangu watoto wao wakiwa mgongoni, na bado nilisikia hayo.

Ninachoomba kinawezekana bila jengo jipya wala mashine mpya.

Kwanza kabisa, kibali. Kila timu inayokwenda kuchukua sampuli za mifugo inapita kwenu ikitafuta kibali, barua ya mkoa, barua ya wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Wekeni sharti kwenye kibali hicho: tarehe ya kurudisha majibu, na jina la ofisa atakayeyarudisha. Timu ikija tena mwaka unaofuata kuomba kibali kingine, iulizwe kwanza: barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba majibu ya mara ya kwanza yalifika iko wapi? Isipokuwapo, isubiri. Hili peke yake lingebadilisha mambo kuliko semina kumi.

Mfugaji naye aachiwe kipande cha karatasi. Nikipeleka saa kwa fundi napewa kikaratasi chenye namba, iweje mtu atoe damu ya mifugo yake abaki na mkaa ukutani? Kipande kiwe na namba ya sampuli, tarehe, na namba ya simu inayopokelewa. Na jibu la kwanza lisingoje ripoti wala makala ya jarida. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Sampuli 14: ni mdondo. Tenga wagonjwa, fukia waliokufa, chanja wazima wa jirani." Uende kwa afisa mifugo wa kata na kwa mfugaji mwenyewe, siku ileile mashine iliposema. Kama ni jambo zito linalohitaji uthibitisho wa juu, basi ujumbe useme tu kwamba vipimo vinaendelea, kuku wasitoke, na ofisa anakuja. Na ofisa aje kweli.

Kama sampuli imeharibika, semeni imeharibika. Mara nyingi nadhani ndicho kinachotokea na watu wanaona aibu kusema. Yule mama angeambiwa wiki ya pili kwamba kichupa chake kilipata joto njiani, angesikitika, angeamua la kufanya na kuku 50 aliokuwa bado nao. Alinyimwa hata nafasi hiyo ya kuamua.

Na jambo la fidia, ingawa najua ni la kibajeti na lina wenyewe: mkitaka watu watoe taarifa ya ugonjwa ambao tiba yake ni kuua kuku wote wa kijiji, waambieni mapema, kabla ugonjwa haujafika, nani atawalipa na kiasi gani. Mtu hatamwita bwana mifugo aje ammalizie kuku bure. Siku hizi watu wamekopa kufuga Sasso na Kuroiler, kuku 200, kuku 300, nyumba imewekwa rehani. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, wote tunaujua msemo huo, lakini mwenye deni benki ataficha tu.

Waheshimiwa, Oktoba hii nitachanja tena. Nimeshapanga ratiba na wachanjaji wawili vijana niliowafundisha, wasichana wote wawili, wepesi wa mikono kuliko mimi: tutaanzia Igurusi, twende Chimala, tumalizie upande wa Rujewa kabla mvua hazijaanza. Najua tutakuta mabanda yaliyofungwa na watu watakaosema hawana kuku huku tunawasikia wakiwika. Nitagonga hata hivyo. Lakini nisaidieni niwe na kitu mkononi.

Kwa kuanzia, naomba majibu ya sampuli zile 38, zilizochukuliwa mwezi wa Oktoba mwaka juzi, namba 1 hadi 38, zimeandikwa kwa maka peni nyeusi. Hata kama ni kusema kwamba hazikupimwa. Ninayo nakala ya barua ya utambulisho ya timu ile, nitaileta ofisini kwa yeyote kati yenu atakayenipa siku na saa, nauli nitajilipia. Na ikiwa zote haziwezekani, basi naomba namba 14: mtetea mweupe, mguu wa kushoto hana kidole kimoja, alikufa siku mbili baada ya kutolewa damu. Mwenyewe amelipiga banda lipu upya mwezi wa Juni, akazungushia mwiko pale palipoandikwa mkaa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Bwana mifugo mstaafu,
Igurusi, Mbarali, Mbeya.

Nakala: Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji.